Kujidaka kwa Hatua Moja

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanguka mbele ya watu saba na kabati. Kabati ndilo lililonipokea.

Nieleze vizuri, maana daftari hili siku moja litasomwa na watu wakubwa. Pale kliniki ya viungo kuna kipimo cha kamba. Unafungwa mkanda mpana kifuani, nyuma yako kuna kamba iliyoshikizwa kwenye chuma cha ukutani. Unaegemea mbele mwili mzima, kama mtu anayechungulia kisima. Kamba inakuzuia. Mbele kumetandikwa godoro. Kisha Daktari wa Viungo anaiachia kamba bila kukuambia, na wewe ujidake. Wanahesabu hatua. Moja, umepona. Mbili, unaendelea vizuri. Tatu, tuonane wiki ijayo.

Mimi nimepiga nne na nusu. Ile nusu ni kabati. Godoro nililipita pembeni.

Kabla yangu alipimwa Mwalimu Mkuu mstaafu. Miaka sabini na moja! Hatua moja. Tena akiwa hewani akapata nafasi ya kuweka sawa kitambaa cha kichwani. Kisha akanitazama kama ninavyokumbuka kutazamwa nikichelewa mstarini.

Nikawaeleza wenzangu kwamba kifundo changu cha mguu si kifundo cha kawaida. Kiliumia kazini. Mimi ni mpaka rangi, wanajua. Ngazi ilikatika nikiwa ghorofa ya pili, na nikishuka nilimdaka paka angani. Mwalimu Mkuu akauliza mbona wiki iliyopita lilikuwa lori. Nikamwambia paka alikuwa juu ya lori. Akasema kaa chini, kijana. Kijana! Nina miaka hamsini na minne. Daktari, mwenye umri wa kuwa mwanangu, ananiita mzee wangu. Nimeamua kumsamehe Mwalimu Mkuu.

Jioni mke wangu amepiga simu. Si kwangu. Kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeishi hapa na kushona nguo chumba cha mbele. Mke wangu yuko kwa binti yetu mkubwa, wiki ya saba sasa. Watu wanaambiwa amekwenda kulea mjukuu. Ni kweli, mjukuu yupo. Lakini na bega lipo.

Lile bega! Mwezi wa kwanza tulikuwa tunashuka ngazi za sokoni, nimemshika mkono kama kawaida yangu tangu kifundo kiharibike. Kikapinduka. Nikamwangukia. Bega lake likatoka mahali pake. Mimi sikupata hata mkwaruzo, nilianguka pahali laini.

Masharti yake, kwa mdomo wa mpwa wangu: atarudi siku Daktari wa Viungo mwenyewe atakapompigia kumwambia kuwa najidaka kwa hatua moja. Neno langu halitoshi. Anasema neno langu analijua, hata salamu zangu huzigawa kwa mbili kabla ya kuzipokea.

Ndara zake bado ziko mlangoni. Nimezigeuza zitazame ndani, kama za mtu aliyekwisha kuingia.

Jumatano, 5 Machi

Akili! Akili imekuja nikinyoa ndevu.

Daktari alinipa mkanda wa kifundo, wa mguu wa kushoto. Ni kama soksi ngumu, ina plastiki pande mbili na kamba za kubana. Alisema nivae nikienda kwenye mashimo na kokoto, kifundo kisipinduke pembeni. Nikiwa nyumbani niuvue, nifanye mazoezi. Nyanyua visigino mara ishirini. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Nilimwangalia nikamhurumia. Mimi! Mtu niliyepaka tangi la maji la mji mzima nikisimama kwa mguu mmoja, wa pili umeshika ndoo! Ninyanyue visigino kama mtoto wa chekechea?

Nimeishia darasa la sita, lakini darasa la sita la wakati ule. Na hesabu yangu ni hii: mkanda mmoja unashika mguu mmoja. Mtu ana miguu miwili. Kwa hiyo nimetibiwa nusu. Ndiyo maana kuna ile nusu ya kabati.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kuazima wake, yeye hauhitaji tena. Akauliza wa nini. Nikasema binamu yangu ameumia. Akauliza mguu upi. Wa kulia. Akauliza huyo binamu ana wa kushoto? Nikajibu kwa hasira kwamba ukoo wetu watu huzaliwa kamili. Akauleta. Sharti: nimpakie geti lake rangi. Nikiwa nimesimama, akasema, si kwenye stuli.

Saa kumi na moja nilikuwa ukutani. Basi la kutoka kwa binti yetu husimama ng'ambo ya ukuta wa uani. Ukuta umenizidi nusu kichwa, kwa hiyo napanda kwenye ncha za vidole ili nione mlango wa basi. Nikichoka nashuka, likisogea napanda tena. Mpaka giza linaingia hupita mabasi manne. Najua alisema hatarudi bado. Lakini mtu anaweza kubadili nia njiani.

Leo wameshuka thelathini na mmoja. Wangu hakuwemo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya majaribio. Nimevaa mikanda yote miwili. Nikatembea chumbani. Lo! Imara kama mlingoti! Nikamwita mpwa wangu, nikajifunga shuka kifuani, nikampa ncha azishike kwa nyuma. Nikaegemea mbele kuelekea mlangoni. Nikamwagiza aachie wakati nisiotarajia.

Aliachia wakati ambao hata yeye hakuutarajia. Mteja aliingia kwa mlango wa uani kuchukua gauni, na mpwa wangu amelelewa vizuri, akainuka kumpokea kwa mikono miwili.

Nikaondoka. Najua kuanguka, nina uzoefu, lakini hii ilikuwa aina mpya. Miguu ilikataa kupinda. Nilikwenda mzimamzima, kama ubao uliosukumwa. Nikapita mlango. Nikapita kibaraza kwa vihatua vidogo vya haraka, visigino haviinuki, nakwenda kama kuku aliyefungwa miguu. Nikaishia kwenye beseni la fundi baiskeli wa mbele ya nyumba yetu, lile analotumbukiza mipira atafute inapovuja. Fundi hakushtuka hata kidogo. Akanitazama nilivyokaa majini, akasema karibu mzee, pancha iko wapi?

Kabla sijakauka mpwa wangu alikuwa kwenye simu anasimulia. Nikawa nimesimama mlangoni nachuruzika maji. Ndipo nikasikia. Mke wangu alicheka.

Si kicheko cha adabu. Kile chenyewe, kinachoanza na kupumua na kuishia na kikohozi. Kilitoka kwenye kisimu kile kikajaa chumba kizima. Sijakisikia tangu mwezi wa kwanza.

Ningeweza kutoka nikaanguka tena palepale.

Jumanne, 11 Machi

Kipimo. Mikanda miwili ndani ya suruali pana, hakuna ajuaye. Kamba ikaachiwa. Nikaenda chini kama mlango uliong'olewa bawaba. Hatua sifuri. Nikadai kwamba sifuri ni ndogo kuliko moja, kwa hiyo nimewashinda wote. Hakuna aliyeandika.

Daktari akanipandisha suruali. Kisha akahubiri. Alisema mtu aliyesimama hajatulia hata siku moja, anayumba kidogokidogo kila saa, na kifundo ndicho kinachomrudisha bila yeye kujua. Ukivifunga vyote viwili visipinde, kazi yote inapanda kwenye magoti na nyonga, na nyonga zako mzee wangu zimelala usingizi. Mkanda unakukinga kifundo kisipinduke pembeni, akasema. Haukufundishi kusimama. Huo wa pili rudisha kwa mwenyewe.

Mwalimu Mkuu akauliza binamu anaendeleaje. Nikasema amezidiwa.

Nimeuweka mkanda wake uvunguni. Nitaurudisha nikishapaka geti. Geti nitalipaka hali ya hewa ikiruhusu.

Lakini sikutoka bure! Mtu wa macho haendi mahali akarudi mtupu. Nimegundua siri ya Daktari: kabla ya kuachia kamba, anajikohoza. Alijikohoza kwa Mwalimu Mkuu. Alijikohoza kwa mama mmoja mwenzetu anayetibiwa nyonga. Alijikohoza kwangu. Koo lake ndilo saa yangu. Jumanne ijayo nitaondoka naye pamoja, na mguu wangu utakuwa umefika kabla ya mwili.

Jioni mabasi manne. Watu ishirini na sita. Mmoja alikuwa na mwendo wake, nikanyanyuka mpaka vidole vikalia. Alikuwa mtu mwingine, tena mwanamume.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi ya koo. Mpwa wangu anashona, na kila akijikohoza mimi napiga hatua. Saa nzima. Wateja wawili wamemuuliza kama mjomba wake ni mzima. Akawajibu kwamba miguuni tu ndiko hayuko mzima, kisha akafikiri, akasema na huku juu kidogo.

Leo mke wangu ameomba kuongea na mimi. Mimi mwenyewe! Nikajifuta mikono kabla ya kushika simu, sijui kwa nini.

Akauliza kama nafanya mazoezi ya visigino. Nikasema sana. Akauliza mara ngapi. Nikasema mia mbili. Akasema baba watoto, wewe ukidanganya huwa huna chenji, unatoa namba nzima tu. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Nikauliza bega. Akasema sasa anaweza kumnyanyua mtoto mpaka kifuani, juu zaidi bado. Mtoto akapiga chafya. Tukasikiliza wote ile chafya, yeye huko na mimi huku.

Nilikuwa na jambo la kumwambia. Lilikuwa tayari, limekaa mdomoni. Nikamwambia ukuta wa jikoni unataka rangi mpya.

Akasema haya, upake basi.

Sweta lake la kijivu liko kwenye msumari. Mpwa wangu alitaka kulifua. Nimemkatalia. Nimemwambia sufu ya aina ile ikifuliwa mwezi wa tatu hupungua. Aliniangalia sana, lakini hakulifua.

Jumanne, 18 Machi

Hii lazima niiandike polepole, nisiache kitu.

Daktari ana mafua.

Nilifika nikiwa na koo lake kichwani kama wimbo. Nikafungwa mkanda, nikaegemea. Daktari bado amechuchumaa anakaza kamba ukutani, akajikohoza. Nikaruka! Mruko wa simba! Kamba ilikuwa haijaachiwa. Ilinivuta nikarudi kinyumenyume, nikamkalia Daktari mapajani. Tukabaki hivyo kidogo, kila mmoja akifikiri mambo yake. Yule mama wa nyonga alicheka mpaka akaomba kiti. Mwalimu Mkuu akasema sasa kijana amepata darasa lake, darasa la awali.

Daktari akaniinua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema tu mzee wangu, egemea tena, na safari hii usinisikilize mimi. Akabana pua na leso.

Nikaegemea. Sikuwa na mbinu yoyote. Mkanda mmoja tu mguuni, na nilikuwa nimechoka. Nikatazama dirishani. Barabarani likapita basi, rangi ileile ya la kwa binti yetu, na kwenye kioo kuna mwanamke wa sweta la kijivu, amelaza kichwa namna ile.

Nikamfuata.

Sikujua kama kamba imeachiwa. Naapa. Nilikuwa nalifuata basi. Nikashangaa nimesimama katikati ya godoro, mguu mmoja mbele, nimetulia. Daktari akasema moja.

Akarudia. Moja. Akarudia. Mbili, hiyo nilikuwa namtazama Mwalimu Mkuu kuona anavyoumia. Akarudia. Moja.

Akapiga magoti, akanibonyeza nyama ya nyuma ya mguu. Akasema ni ngumu kama tofali. Akauliza nanyanyua visigino mara ngapi kwa siku. Ulimi ukaenda kwenye mia mbili. Nikaurudisha. Nikasema sinyanyui hata kimoja, mimi jioni nasimama ukutani tu. Nafanya nini ukutani? Naangalia basi. Ukuta una urefu gani? Nikamwonyesha kwa mkono. Akaniomba nimwonyeshe ninavyosimama. Nikapanda kwenye vidole. Kila siku? Kila siku, mabasi manne. Tangu lini? Tangu mwezi wa kwanza.

Daktari akaandika kwa muda mrefu. Mwalimu Mkuu naye ghafla akawa na kazi ya kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakukipata.

Daktari akampigia mke wangu palepale. Nilisimama kando nikisikiliza mtu mwingine akisema kweli juu yangu. Jambo geni. Alikwenda nje kumalizia maagizo, sikuyasikia. Mambo ya kitabibu.

Anarudi Jumapili!

Njiani nikakumbuka kwamba sweta la kijivu liko nyumbani, kwenye msumari. Yule wa kwenye basi sijui ni nani. Mungu ambariki.

Pamoja na hayo, mimi nina maoni yangu. Daktari anasema ni ukuta. Ukuta! Tofali na saruji vimtibu mtu? Ni ile mikanda miwili. Nguvu yake iliingia taratibu, imechelewa kutokea tu.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja.

Nilikuwa kituoni saa tisa, basi ni la saa kumi na moja. Shati la kola. Bila fimbo. Alishuka wa sita. Akatazama miguu yangu kwanza, halafu uso. Akasema umekonda. Nikasema ni mazoezi. Akanipa begi nibebe, mkono wa kushoto, nikalibeba kama karatasi.

Tukatembea. Nilikuwa nimeingoja safari hii wiki kumi. Mita mia tatu. Zamani mita mia tatu hizi tulizipita mkono wake ukiwa umepita kwenye kiwiko changu, amenibana ubavuni, ananung'unika njia nzima. Angalia jiwe. Inua mguu. Baba, unanilalia. Nilijua hata uzito wa mkono wenyewe.

Leo mkono wake ulikuwa unaning'inia. Unaenda mbele, unarudi nyuma. Nikasogea karibu. Akasogea kunipisha. Akasema kwa furaha kabisa, unajua raha gani mtu kutembea mikono mitupu?

Nikasema naijua.

Tulipopita saluni akaniambia usitazame kioo, hapahapa ndipo ulipoumizia kifundo ukijitazama ndevu. Paka na lori, kimya.

Nyumbani akaziona ndara zake. Akauliza nani amezigeuza. Nikamsingizia mpwa. Mpwa akanitazama, akakubali kosa. Nitamtafutia zawadi.

Chai akatengeneza yeye. Akainyanyua birika kwa mkono wa bega lile, akaniangalia kama nimeona. Niliona. Kisha akaketi ng'ambo ya meza na kusimulia juu ya mjukuu mpaka taa zikawashwa. Yuko hapa. Yupo kabisa. Anasogeza vitu vyangu. Sasa mimi bado nangoja nini? Saa kumi na mbili nimejikuta ukutani, nimesimama kwenye vidole. Akauliza kwa dirisha namtazama nani. Nikasema mazoezi.

Jumatatu, 24 Machi

Akili! Imekuja asubuhi kabla sijafungua macho.

Kama mtu akisimama imara haushikwi mkono wake, basi dawa inajulikana. Nianguke kidogo. Sisemi kuanguka kwa kabati au beseni. Kidogo tu, kwa heshima, kama hatua mbili na nusu, na hapo kwenye nusu awe yeye. Tukitoka sokoni kuna mtaro, ukingo wake ni laini. Nikajipanga upande wa bega lake zima. Mimi si mnyama.

Tukafika mtaroni. Nikasema lo! Nikajiachia.

Akaruka pembeni! Mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na tisa, akaruka kama ameona nyoka! Na mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza, bila ruhusa yoyote, ukaenda mbele, ukakanyaga, kifundo kikapinda kidogo, kikanirudisha. Hatua moja. Nimesimama kama nguzo ya taa.

Akapiga makofi. Wauza mboga wawili wakapiga makofi. Akasema hongera baba watoto! Akaniambia Daktari ndiye aliyemwagiza kwenye simu: akiyumba usimdake, mpishe, ajidake mwenyewe. Akakaza kilemba chake, akatangulia mbele, mikono yote miwili inapunga hewani.

Mguu umenisaliti. Nimeulisha, nimeupaka mafuta, nimeubeba miaka hamsini na minne, na leo unashirikiana na Daktari.

Nimekaa kitandani nafikiri. Mke wangu yuko jikoni, namsikia akimsimulia mpwa habari ya mtaro, wanacheka. Kile kicheko. Mwalimu Mkuu ametuma ujumbe kuuliza binamu ataurudisha lini mkanda, na geti je. Nimejibu binamu bado anaumwa sana.

Kisha nikainama uvunguni. Upo. Una vumbi kidogo. Daktari mwenyewe alisema, si mimi, na ana vyeti ukutani: vifundo visipopinda, mtu hajidaki. Na safari hii mke wangu hatakuwa na muda wa kuruka, maana nitamshika mkono kwanza nimuulize bei ya nyanya.

Kesho navaa yote miwili.